Mshale wa geji kwenye ribritha: dalili, chanzo na la kufanya

Aliyezoea mtungi wa kawaida huangalia geji, yaani kipimo cha presha ya mtungi, ili ajue imebaki hewa ya dakika ngapi. Akihamia ribritha, ile mashine inayomrudishia mzamiaji pumzi yake mwenyewe baada ya kuichuja kaboni dayoksaidi na kuiongezea oksijeni, mazoea hayo humpotosha. Mtungi wa oksijeni wa lita 3 uliojazwa hadi presha ya bar 200 una lita 600 za gesi, na mtu anayeogelea taratibu hutumia takriban lita 1 kwa dakika. Zitampitisha saa nyingi kuliko atakazokaa majini. Anaona haina haja ya kuitazama, anaibana nyuma ya mkanda, macho yote yanahamia kwenye skrini inayoonyesha usomaji wa sensa za oksijeni.

Nasisitiza jambo hili kwa kila ninayekutana naye mwenye ribritha: geji ya mshale haina betri, haina programu, na haijui sensa zako za oksijeni zinasema nini. Kwa hiyo ndiyo pekee inayoweza kuzikana sensa zikidanganya. Ukiijua kasi ya kawaida ya mshale, na ukaisoma pamoja na PO2, yaani presha ya oksijeni iliyomo kwenye pumzi, utatambua hitilafu nyingi mapema.

Kanuni moja inatangulia zote. Majini, ukishuku lolote, hamia kwanza gesi ya dharura, ile ya mtungi wa pembeni unaopumuliwa bila kupitia mashine, ndipo uchunguze. Oksijeni ikipungua kwenye mzunguko wa pumzi, yaani mipira na mifuko ambamo pumzi yako inazunguka, mwili haukupi onyo, kwa sababu kinachotufanya tuhisi kukosa pumzi ni kaboni dayoksaidi, nayo inachujwa. Mtu huzimia akiwa anajisikia vizuri kabisa.

Kasi ya kawaida

Oksijeni inayochomwa na mwili haitegemei kina. Ukiwa mita 10 au mita 100, misuli inayofanya kazi ileile inahitaji kiasi kilekile. Ndiyo maana mzamiaji Mfaransa Laurent Ballesta na wenzake walitumia ribritha mwaka 2013 walipomfuata silikanti, samaki ambaye Wakomoro humwita gombessa, kwenye kina cha karibu mita 120 huko Sodwana, Afrika Kusini. Kwa mitungi ya kawaida, kila pumzi kwenye kina hicho inameza gesi mara 13 ya ile ya juu ya maji.

Lita 1 kwa dakika ni lita 60 kwa saa. Kwenye mtungi wa lita 3 hiyo ni bar 20 kwa saa, na kwenye mtungi wa lita 2 ni bar 30. Ukipiga miguu kupingana na mkondo, weka mara mbili. Wakati wa kupanda, oksijeni hushuka zaidi kidogo, kwa kuwa PO2 inaanguka kadiri kina kinavyopungua na mashine inajitahidi kuirudisha.

Gesi ya kuzimulia, ile inayopunguza ukali wa oksijeni na kujaza mzunguko, iwe hewa au mchanganyiko wenye heliamu, hufuata desturi nyingine. Inatumika unaposhuka, kisha inatulia. Mzunguko wenye lita 7, ukishuka nao hadi mita 30, unadai lita 21 za nyongeza, sawa na bar 7 za mtungi wa lita 3. Juu ya hapo weka ya jaketi la kuelea na ya kusafisha barakoa. Ukishafika kina chako na ukabaki hapo, mshale huo unapaswa kusimama.

Andika namba zako mwenyewe. Kila baada ya mbizo, kwa kila mtungi: bar za kuanzia, bar za kumalizia, dakika, kina. Baada ya muda utakuwa na kasi yako, na hiyo inafaa kuliko yangu.

Geji ipo, lakini huisomi

Tatizo hili wengi hawalihesabu kuwa hitilafu, ilhali ndilo linaloficha mengine yote. Dalili zake ni hizi: unapapasa kifuani kabla ya kuipata, unaipata lakini uso umegeukia mwilini, unashika moja ukidhani ni nyingine, au unagundua ukipanda kwamba hukuitazama hata mara moja.

Chanzo mara nyingi ni urefu wa mpira wa presha kubwa, ule unaoipelekea geji gesi ya mtungi. Ukiwa mrefu kupita kiasi, unafanya kitanzi kinachonasa kwenye matumbawe na kamba ya nanga. Ukiwa mfupi, unakunjika penye shingo ya chuma, na mkunjo huo huo ndio unaoukata mpira ndani kwa ndani. Upime ukiwa umevaa vifaa vyote na umelala kifudifudi, mapafu ya nje, yaani mifuko ya pumzi, yakiwa yamejaa, maana yakijaa yanasukuma kila kitu. Geji inayosomeka vizuri ukiwa umesimama gatini inaweza kuzama chini ya mfuko wa pumzi mara tu unapojinyoosha majini.

Kuhusu mahali pa kuiweka, nina msimamo. Geji ya oksijeni ikae kifuani upande wa kulia, imepita begani au chini ya kwapa, na isomeke kwa kuinamisha macho tu, bila kufungua klipu. Ya gesi ya kuzimulia ikae kushoto, na hiyo hata ikiwa kwenye pete ya nyonga si neno, kwa kuwa huitazami mara nyingi hivyo. Oksijeni kulia na kuzimulia kushoto ni desturi iliyoenea kwenye ribritha nyingi za leo. Kama ya kwako imepangwa kinyume, geji zifuate upande wa mitungi yake, zisikatizane mgongoni.

Rangi peke yake haitoshi. Mahali pengine oksijeni hutiwa alama ya kijani, pengine nyeupe, na kwenye maji meusi rangi zote ni moja. Toa tofauti ya kushika: funga kamba yenye fundo kwenye moja, au tumia klipu za namna mbili. Geji ndogo kama kifungo, zinazofungwa moja kwa moja kwenye regyuleta (kifaa kinachopunguza presha ya mtungi) mgongoni, zinakusaidia kukagua mitungi kabla ya kuvaa. Ukishavaa, huzioni tena, kwa hiyo usizihesabu. Kwa mtungi wa dharura unaoning'inia ubavuni, mpira mfupi wa sentimita 15 uliokunjwa kuelekea juu unaleta uso wa geji usoni pako bila kuachia kitu chochote kikielea.

Mshale wa oksijeni unashuka kuliko hesabu

Hapa ndipo usomaji wa geji na PO2 kwa pamoja unapolipa. Tazama vyote viwili kabla hujahukumu.

PO2 inapanda pia? Oksijeni inaingia ndani ya mzunguko bila kuombwa. Solenoidi, yaani vali ya umeme inayoingiza oksijeni, imekwama wazi, au kitufe cha kuongezea kwa mkono hakirudi. Hamia gesi ya dharura, funga vali ya mtungi wa oksijeni, kisha tazama geji: mshale ukishuka mpaka sifuri ilhali vali imefungwa, njia bado iko wazi. Kwa kitufe, mara nyingi mkosaji ni mchanga au chumvi iliyoganda. Kukisukuma mara kadhaa kunaweza kukiachia, lakini mbizo hiyo imekwisha.

PO2 haipandi, na mwenzako anaona mapovu mgongoni kwako? Gesi inatoka nje kabla ya kufika kwenye mzunguko: oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya regyuleta, mpira, au vali ya usalama. Hiyo vali ya usalama ina maelezo yake. Kwenye regyuleta ya kawaida, presha ya kati, yaani ile iliyopunguzwa inayotoka kwenye regyuleta, ikizidi, mdomo wa kupumulia unaachia gesi wenyewe. Regyuleta ya oksijeni ya ribritha haina mdomo huo, hivyo hufungiwa vali ya kuachia. Ukiona inatoa mapovu kwa vipindi, usiilaumu wala kuikaza. Inakuambia kwamba kiti cha regyuleta, sehemu ya ndani inayozuia gesi, kimechakaa na presha ya kati inapanda kidogo kidogo.

Hali ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu skrini inaonyesha mambo ni shwari. PO2 imetulia pale pale ulipoipanga, lakini oksijeni inashuka mara mbili ya kasi yako. Chanzo kimoja ni cha kawaida: unapoteza gesi kwenye barakoa au kwenye pembe za mdomo, na mashine inafidia. Utaona mapovu madogo mbele ya uso, na gesi ya kuzimulia nayo itakuwa inashuka. Chanzo cha pili ni sensa zilizopata unyevu usoni. Zinasoma chini ya ukweli, mashine inaongeza oksijeni ili kufikisha namba iliyoamriwa, na wewe unapumua nyingi kuliko inavyoandikwa. Degedege la oksijeni nyingi halipigi hodi.

Jaribio linalotenganisha vyanzo hivyo viwili ni kuusafisha mzunguko, yaani kuitoa gesi iliyomo na kuujaza gesi ya kuzimulia, kwenye kina unachokijua. Hewa ina oksijeni asilimia 21. Kwenye mita 30, presha ni bar 4, kwa hiyo baada ya kusafisha sensa lazima zikaribie 0.84. Zikisoma 0.6, zinadanganya, na mshale wa geji ulikuwa umeshakuambia. Baki kwenye gesi ya dharura na upande.

Mshale wa oksijeni haushuki

Usifurahie. Katika dakika 20 mtu hutumia karibu bar 7 za mtungi wa lita 3, na kwenye geji yenye mistari ya bar 10 hilo halionekani vizuri, kwa hiyo subiri kidogo kabla ya kuhukumu. Lakini nusu saa ikipita bila mabadiliko, uliza oksijeni unayoipumua inatoka wapi.

Ikiwa PO2 inaanguka, solenoidi haifunguki au gesi haifiki. Ikiwa PO2 inaonekana imesimama juu kidogo ya kiwango ulichopanga, na haitikisiki hata ukibadili kina, basi shuku kwamba sensa zimekwama hapo. Mashine inaamini oksijeni ipo ya kutosha, haiongezi, nawe unaimaliza iliyomo. Hapa tena, safisha kwa gesi ya kuzimulia na uone kama namba zinafuata. Chanzo cha tatu ni geji yenyewe kuganda, nacho kinathibitishwa nchi kavu.

Mshale unacheza kila solenoidi inapogonga

Mshale unadondoka bar kadhaa, unarudi juu polepole, unadondoka tena. Maana yake gesi inapita mahali pembamba kabla ya kufikia geji. Karibu kila mara ni vali ya mtungi iliyofunguliwa robo tu. Mara chache ni chujio la chuma kwenye mlango wa regyuleta lililoziba kwa kutu au vumbi la mtungi. Fungua vali yote. Mchezo ukiendelea, peleka regyuleta kwa fundi, kisha angalia ndani ya mtungi pia, maana vumbi hilo lina linakotoka.

Ndugu yake dalili hii ni mbaya zaidi: vali iliyofungwa kabisa. Mtu aliifungua wakati wa ukaguzi, akaifunga ili kuhifadhi gesi boti ikisubiri, akasahau. Geji bado inaonyesha 200, kwa sababu gesi iliyofungiwa ndani ya mpira bado ina presha hiyo. Solenoidi ikigonga mara chache za kwanza, oksijeni inaingia kama kawaida. Kisha mshale unaporomoka na hakuna kinachofuata. Kwa hiyo namba 200 peke yake haithibitishi kwamba vali iko wazi.

Jaribio ni la sekunde chache na halina udhuru. Kabla ya kuruka, ukiwa umeshavaa, bonyeza kitufe cha kuongezea oksijeni kwa sekunde tatu hivi huku ukitazama geji. Fanya vivyo hivyo kwa gesi ya kuzimulia. Mshale usitikisike. Ukitikisika, huendi majini mpaka ujue kwa nini.

Solenoidi inasikika, lakini PO2 haipandi

Unasikia mlio wake mdogo mgongoni, mshale umesimama, PO2 inateleza chini. Kama vali iko wazi, fikiria presha ya kati. Solenoidi nyingi hufunguka kwa kushinda presha iliyo mbele yake. Regyuleta ikipandisha presha ya kati kupita kipimo, sumaku haina nguvu ya kuuinua mlango, inagonga bure. Geji ya presha kubwa haikuonyeshi jambo hili, ni lazima ufunge geji ya presha ya kati nchi kavu. Mashine nyingi hutaka kati ya bar 7 na 10, na kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Namba ikipanda polepole huku ukiitazama, bila gesi kutumika, kiti kimekwisha. Majini kitufe cha mkono kinaweza bado kufanya kazi, nacho kinakufikisha juu ikiwa umefundishwa kuendesha mashine kwa mkono. Kama hukufundishwa, gesi ya dharura.

Gesi ya kuzimulia inayeyuka kwenye kina kilekile

Anza na wewe mwenyewe. Ukivuta pumzi ndefu mno, mifuko inabana na vali inayojiongezea gesi inafunguka kila unapovuta. Ukitoa gesi puani kila mara kwa mazoea ya mtungi wa kawaida, ni hivyo hivyo. Kupanda na kushuka juu ya mwamba nako kunakula: unapanda mita 10 unamwaga, unashuka unajaza upya. Kama hayo yote hayapo, ifunge vali ya kujiongezea kwa muda, ikiwa mashine yako ina swichi yake, na utazame mshale. Ukisimama, vali hiyo ndiyo inayovuja. Usiposimama, sikiliza jaketi la kuelea: ukijikuta unapanda bila kutaka, mpulizio wake umekwama.

Mapovu kwenye shingo ya geji

Ndani ya shingo kuna pini nyembamba yenye oringi mbili ndogo inayoruhusu geji kuzunguka. Zinachakaa kwa kuzungushwa presha ikiwamo, na chumvi inazimaliza. Mapovu machache yasikupe hofu: tundu la presha kubwa kwenye regyuleta limefanywa dogo makusudi, ili hata mpira ukikatika gesi isimwagike yote mara moja. Lakini rekebisha kabla ya mbizo inayofuata. Funga vali, toa presha mpaka mshale ulale sifuri, fungua, badilisha pini na oringi zake.

Kwa geji ya oksijeni kuna sharti ambalo halina mjadala. Grisi ya silikoni inayotumika kwenye tochi na kamera haigusi sehemu hii, maana inaweza kuwaka ndani ya oksijeni yenye presha kubwa. Tumia grisi iliyotengenezwa kwa oksijeni, oringi za aina inayoruhusiwa, na mikono isiyo na mafuta, hata ya kujikinga na jua. Na ukifungua vali, fungua polepole sana, uso wa geji ukiwa umeelekezwa chini. Gesi inayokimbia ghafla na kugonga ukuta wa mwisho wa mpira hujibana na kupata joto kali, na kioo kikipasuka kisikukute umekiinamia.

Namba ya transmita inapotea

Wengi sasa wameweka transmita, kifaa kinachotuma namba ya presha kwa mawimbi hadi kwenye kompyuta ya mzamiaji, badala ya mpira. Faida yake ni kusoma bar mojamoja, jambo linalofaa sana kwa oksijeni inayoshuka taratibu. Namba ikipotea na kurudi, sogeza kompyuta karibu na upande wa transmita, kwa kuwa mawimbi yake hayapiti mbali majini, karibu mita moja tu. Ikipotea ukiwasha skuta ya majini, umepata chanzo. Ikipotea mara kwa mara bila sababu, badilisha betri. Muda wa gesi uliobaki ambao kompyuta inaukokotoa uupuuze, kwani umetengenezwa kwa anayepumua kutoka mtungini moja kwa moja.

Kosa ambalo transmita imelizidisha ni kubadilishana majina, oksijeni ikaandikwa kuzimulia. Mipira ya geji hubadilishana vilevile baada ya kurudi kwa fundi. Funga vali moja, toa presha yake, tazama ni namba ipi iliyoanguka.

Bar 200 za asubuhi zimekuwa 189

Mtungi ulipojazwa ulikuwa wa moto. Gesi ya bar 200 kwenye nyuzi 45, ikipoa hadi nyuzi 27 za maji ya pwani yetu, inasoma kama 189 bila kuvuja hata chembe. Kinyume chake, mtungi ulioachwa juani kwenye boti unajipandisha. Soma upya baada ya dakika tano majini, na hiyo ndiyo namba ya kuanzia hesabu zako.

Kama hofu ya kuvuja inabaki, fungua vali, jaza mipira presha, funga vali, andika namba, subiri dakika kumi. Gesi iliyomo ndani ya mipira ni kidogo mno, kwa hiyo hata tundu dogo litamvuta mshale chini. Ukishuka, washa sensa huku solenoidi ikiwa imezimwa na mzunguko umefungwa: PO2 ikipanda, gesi inavujia ndani. Isipopanda, tumbukiza regyuleta, ikiwa bado na presha, kwenye ndoo ya maji baridi, ufuate mapovu.

Mshale haurudi sifuri, au geji mbili hazikubaliani

Ndani ya geji kuna bomba bapa la shaba lililopindwa, ambalo Eugène Bourdon aliliwekea hataza Ufaransa mwaka 1849. Presha ikiingia, linajaribu kunyooka kama mpira wa bustani uliojikunja maji yanapofunguliwa, na kunyooka huko ndiko kunakoupeleka mshale. Likipigwa au likijazwa kupita uwezo wake, halirudi pale lilipokuwa. Mshale unaosimama kwenye 15 bila presha utakuongopea kwa kiasi kama hicho hadi juu, na kwenye bar 40 za mwisho kiasi hicho ni kikubwa.

Linganisha kwa kuzifunga geji zote mbili kwenye mtungi mmoja, kwa zamu. Za oksijeni zilinganishwe na geji safi ya oksijeni, si iliyotoka kwenye hewa ya kompresa, kwa sababu mafuta ya kompresa yatabaki ndani ya mtungi wako. Ukiona ukungu au tone la maji nyuma ya kioo, geji hiyo imekwisha hata kama leo inasoma sawa. Usiifungue kuikausha. Itoe, ziba tundu la regyuleta kwa skrubu yake, na mashine isiingie majini mpaka geji mpya ifungwe.